Godoro la Monasteri na Kiti cha Meneja

Jumatatu, 9 Juni

Mshtuko! Mama Mkurugenzi katangaza asubuhi kuwa amechoka, na kabla mwaka haujaisha atamweka Meneja Mkuu. Kiwanda kizima cha magodoro! Nikajua ni mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye msaidizi wake, nina tai tano. Halafu akamtazama Futi. Futi! Msimamizi wa karakana, mtu ambaye futi kamba ya kupimia haimtoki shingoni hata akila.

Mama kasema anataka kiwanda kibadilike, kiwe na uadilifu kama kule kwa watawa wa mlimani, wanaoishi pamoja miaka nenda miaka rudi bila mgomo wala wizi. Kauliza nani atakwenda kujifunza kwao. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Mke wangu kaniuliza mimi na watawa wapi na wapi. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni. Monasteri.

Sikulala. Godoro la chumba cha wageni lina vinundu kama gunia la viazi. Nikaligeuza nimjue mshenzi aliyelitengeneza. Lo! Nembo yetu! Ni ule ubunifu wangu wa mwaka jana: juu sponji safi, chini sponji safi, katikati mabaki ya karakana niliyomwamuru Futi ashindilie. Lebo inasema sponji safi mwanzo mwisho. Nilidhani yote tumeyauza mbali!

Nikashuka sakafuni. Mtawa wa wageni alinikuta hapo alfajiri, akashika kifua. Kasema hajawahi kuona mgeni anayejinyima kiasi hicho. Sikumkatisha.

Nimejifunza mengi. Hawasemi ovyo. Kengele ikilia, kila mtu anaacha alichoshika. Mkuu wao huosha masufuria zamu yake ikifika, povu mpaka viwikoni! Nimeduwaa. Na kila wiki wanakaa duara, kila mmoja anataja kosa lake mbele ya wenzake. Lake tu, mtawa kasisitiza. Hapo kwenye "lake tu" sikumwelewa vizuri, lakini wazo lenyewe ni dhahabu. Futi atajimaliza mwenyewe!

Jumatatu, 16 Juni

Nimeanza na ukimya. Karakana nzima, marufuku kusema mpaka kengele ilie. Malalamiko yamekwisha papo hapo. Ona uongozi!

Saa nne nikainama kwenye mashine ya kukata sponji, niwaonyeshe utulivu wa kitawa. Nikasikia shingo inavutwa. Tai! Mashine imekamata tai! Nikawatolea macho. Karakana nzima inanitazama, kila mmoja kaziba mdomo. Utii wa ajabu. Futi kazima umeme, kachukua mkasi, kanikata tai, kasubiri kengele, ndipo akaniambia pole.

Nimebaki na tai nne. Mama kaja juu. Kasema huwezi kuwabadilisha watu kwa kuwaziba midomo, uwasikilize kwanza. Nikamwambia ndipo hasa nilipokuwa naelekea: kikao cha kukiri makosa! Kafurahi kweli. Eti atamwalika na mtawa wa wageni.

Alhamisi, 19 Juni

Yamenikuta makubwa.

Kantini, viti duara. Nikapendekeza Futi aanze. Mama kasema anaanza mkubwa. Kakiri kuwa miaka yote anauza magodoro na hajalalia hata moja. Watu wakaguna.

Futi akasimama. Nikajiweka sawa nifaidi. Kakiri kuwa ameshindilia mabaki kwenye magodoro na kunyamaza, kwa kuogopa kupoteza kazi. Kasema mama yake mzazi analalia mojawapo, na kila asubuhi anamwamkia akitazama pembeni. Washonaji wakafuta macho.

Hakunitaja! Hata kwa jicho! Hilo limenishtua kuliko yote. Nikashusha pumzi. Nimepona, nikajiambia.

Zamu yangu. Nikakiri kuwa Futi huchelewa, washonaji husengenya, na Mama mwenyewe ana hasira za karibu.

Watu wakatazamana. Mtawa, Mungu amsamehe, akaona anisaidie. Akawaambia msinione hivi, mimi ni mnyenyekevu, kwao nilikataa godoro nikalala sakafuni. Mama akauliza godoro gani. Mtawa akasema, hili hili lenu. Mama akanigeukia. Akaniuliza kwa nini nililikataa.

Nikaikaza tai, nikailegeza, nikaikaza tena. Wote wananitazama, ila Futi anatazama viatu vyake. Mama akasema basi, ameshajibiwa.

Ijumaa, 20 Juni

Magodoro yote yenye mabaki yanarudishwa, wateja wanapewa mazima bure. La kwanza limekwenda kwa mama yake Futi. Meneja Mkuu: Futi. Nikakaa juu ya marobota ya sponji.

Na bado! Mama alitaka kunifukuza, Futi ndiye aliyeniombea. Kasema watawa hawamtupi mtu, wanampa zamu. Basi kuanzia Jumatatu naosha vyombo kantini na kupika chai ya wafanyakazi.

Mke wangu kacheka mpaka kashika mlango. Kaniita Bwana Mipango, kasema mtaka yote hukosa yote. Hajui kitu. Mkuu wa watawa anafanya kazi gani? Si anaosha masufuria? Kumbe ndiyo njia ya kupandia! Futi kaniweka kwenye ngazi bila kujua. Maskini.

Na nitaanza kwa kishindo. Nimeshalichungulia kopo la majani ya chai. Kiwanda kinapoteza sana pale. Juu nitaweka majani mapya, chini majani mapya, katikati yale ya jana, nikishayaanika. Nani atajua?