Swichi Ishirini na Nne kwa Mpigo Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti
Bosi katangaza: Ijumaa atamteua mkuu wa mtandao wa kiwanda chetu cha rangi. Tunaowania ni wawili, mimi na Mama Daftari, fundi mwenzangu, asiyegusa waya kabla hajauchora kwenye daftari lake. Mtihani wenyewe: kubadilisha namba za anwani za swichi zote ishirini na nne, vile visanduku vinavyogawa mtandao. Yeye kaomba siku nne. Nikacheka moyoni. Nitaandika programu izibadilishe zote kwa mpigo. Cheo nakitaka. Nakitaka mno.

Jumanne, 5 Agosti
Mistari sitini na tatu! Kompyuta ni kiumbe cha ajabu: unaiambia iende kwa kila swichi iliyo kwenye orodha, nayo inakwenda bila kunung'unika. Je, ikifika ya kumi inaikumbuka ya kwanza? Nimewaza hilo mpaka chai ikapoa. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, akauliza kama nimeijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Nikamjibu mtandao si gauni.

Jumatano, 6 Agosti
Saa nne nimebofya. Swichi ya kwanza: tayari. Ishirini na tatu zilizobaki: kimya. Nikaona kimya ni ridhaa, nikapanda ghorofani kumwarifu bosi kwamba kazi imekwisha. Akaniuliza mbona kompyuta yake haina mtandao. Karani wa stoo akaingia na swali hilohilo. Kumbe swichi ya kwanza ndiyo njia ya kuziendea nyingine zote! Nimekata tawi nililokalia. Aibu hadi masikioni.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilirudisha namba ya zamani kwa kuchomeka waya kwenye swichi yenyewe, nimepiga magoti vumbini. Mama Daftari akaisoma programu yangu, akauliza kwa upole kwa nini nimeanza na swichi ya karibu. Nikamjibu kwa sababu iko karibu. Akasema mwanangu, anayedeki huanzia ukutani akamalizia mlangoni. Akaipindua orodha: ya mbali kwanza, ya karibu mwisho. Mstari mmoja tu. Dakika mbili, swichi zote ishirini na nne tayari.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Daftari ndiye mkuu. Aliwaambia wote kwamba programu ni yangu. Nilipiga makofi kwa vidole viwili. Nimeumia, sitaficha.

Jumatatu, 11 Agosti
Wazo jipya! Milango yote ya kiwanda hufunguka kwa kadi, kuingia na kutoka, na kadi zinaendeshwa na mtandao. Je, programu moja haiwezi kuzifuta kadi zote za zamani kwa mpigo? Bosi atajuta kuniacha. Nimejifungia chumba cha mitambo nipate utulivu. Mama Daftari alipita, akaniuliza safari hii nadeki kuelekea wapi. Sikumwelewa, sakafu ni safi. Orodha iko tayari. Naanza na mlango wa chumba hiki, maana ndio ulio karibu.