Ndorobo Kumi na Saba Ofisini

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya baba mkwe.

Kijijini kwetu Ilemba mimi ndiye ninayetunza mtego wa ndorobo, wale inzi wanaong'ata ng'ombe na kuwaambukiza ugonjwa. Mtego mmoja, ng'ombe kijiji kizima! Afisa mifugo alishasema: bila kuwaona ndorobo kwa macho yake, haongezi mitego. Na ng'ombe wanazidi kukonda. Basi jana nikawakusanya walionaswa, nikawatia kwenye chupa, alfajiri nikapanda gari la Sumbawanga.

Huku juu baridi si mchezo. Kushuka stendi nikachungulia chupa: wote chali, miguu juu. Nikawahesabu. Kumi na saba. Nikarudia. Kumi na saba. (Mimi hata viazi vya kwenye sahani nahesabu mara mbili.)

Ofisini, mtaa wa Majengo, jiko la mkaa linawaka, afisa kajipiga suti ya bluu. Nikaweka chupa mezani, karibu na jiko. (Hapo ndipo nilipojichongea.)

"Wamekufa hawa?"

"Mkuu, hao ni marehemu. Naomba mitego kumi."

"Mitatu inakutosha."

Tukavutana weee, chupa inapata joto. Mwisho akasema, "Haya, mwaga, hesabu nione." Nikafungua kifuniko.

Marehemu wakafufuka!

Sasa, mitego yetu hushonwa kwa kitambaa cha bluu kwa sababu ndorobo wanaipenda bluu kupita kiasi. Wakaiona suti. Mimi na shati langu jeupe hawakunitazama hata kidogo.

"Wapige! Wapige, bwana!" Afisa huyo, mbio hadi uani. Nikavua ndala, nikamfuata. Mimi ndiye niliyewaleta mjini, lazima niwamalize. Paa, mgongoni!

"Kumi, mkuu?"

"Mitano!"

Paa!

"Kumi?"

"Kumi! Nimesema kumi! Shingoni, shingoni!"

Nikainua ndala juu kabisa. Nikasikia mtu anakohoa. Kwenye foleni ya chanjo ya kuku, wa kwanza, baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo unayempiga kakukosea nini?"

Nikashusha ndala, nikaivaa. Mitego kumi ninayo, nimeikalia hapa kwenye gari. Maiti nimeziokota zote pale uani na ofisini, nimehesabu mara mbili: kumi na sita.

Msicheke. Ila kama uko Majengo leo na umevaa bluu, kabadilishe.