Diski Ndani ya Sanduku la Zawadi

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Bosi kanikabidhi seva, kompyuta kuu inayotunza picha za studio. Mfumo endeshi wake umezeeka, anataka niweke mpya. Ila picha zote za wateja zibaki kama zilivyo, hasa za bibi harusi anayekuja Ijumaa jioni kuchukua albamu. Zikipotea, nikatafute kazi kwingine. Zikibaki, mimi ndiye msimamizi wa mitambo, pamoja na kile kiti kinachozunguka. Nimeshakikalia kwa siri. Kinanipenda.

Miwani, dada anayetengeneza albamu, kajitolea kunisaidia. Nimemwambia atazame tu, ajifunze.

Jumanne, 4 Machi
Miwani ana kiherehere! Anasema nichomoe kwanza diski mbili za picha, niweke mfumo mpya kwenye ile diski ndogo, kisha nizirudishe. Hata nikikosea, picha hazitaguswa. Ushauri mzuri. Ndiyo maana siwezi kuufuata: sifa zote zitakwenda kwake.

Nikapiga moyo konde, nikaanza. Mashine ikauliza nifute diski ipi. Majina yenyewe herufi na tarakimu tupu! Nikasubiri Miwani aende kula, nikazichomoa zile mbili. Kwa uamuzi wangu mwenyewe. Nikazificha ndani ya sanduku la zawadi lenye utepe, lile la kupigia picha za watoto, ili asijue nimemfuata.

Mfumo mpya umekaa vizuri. Mimi fundi bwana, waseme watakavyo.

Jumatano, 5 Machi
Sanduku halipo! Mpigapicha wetu kaenda nalo kwenye sherehe ya mtoto, siku yake ya kuzaliwa. Mtoto kaling'ang'ania, naye kaona aibu kumnyang'anya. Nikakimbilia huko roho juu. Nikamkuta mtoto analitikisa asikie kilichomo. Nikambembeleza. Nikamwita mheshimiwa. Hataki! Mama yake akasema labda nimpe kitu kingine.

Nimerudi na diski. Saa yangu ya mkononi imebaki kule. Mke wangu ameniuliza iko wapi, nikamwambia iko kwa fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Nikazirudisha diski. Mfumo ukasema hauzitambui, ukauliza kama uziandae upya. Kuandaa ni jambo jema. Nikanyoosha kidole. Miwani akanidaka mkono, akasema kuandaa huko ndiko kufuta. Diski hizi hufanya kazi pamoja, mfumo unatakiwa kuelezwa tu kwamba ni jozi. Akabonyeza hapa na pale. Picha hizo, zote, na bibi harusi anatabasamu! Nusura nilie kwa furaha. Nikajikohoza.

Bosi kampa Miwani kiti. Nimempongeza shingo upande.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa lile sanduku.

Sasa, kompyuta ya Miwani nayo ina mfumo wa zamani. Bosi hajaniagiza lolote, na huo ndio uzuri wake. Miwani akirudi kutoka kula ataikuta mpya kabisa, na kiti kitarudi kwa mwenyewe. Diski yake yenye albamu ya bibi harusi nimeshaichomoa. Nimeificha pasipofikirika: ndani ya ile keki ya mbao ya kupigia picha za harusi. Harusi nyingine ni kesho. Muda upo.

Mpigapicha kapakia vifaa vyake mapema leo, namsikia anawasha gari. Mtu wa bidii, yule.