Nilivyombeba Mkwe Wangu Mgongoni

Wenzangu wa kambini, leo nimepatikana! Nawaandikia nimejifunga shuka la kuazima, kaptula yangu iko juani inakauka. Anayesoma asome polepole. Na yule mwenye kucheka mpaka anapiga kuta, atolewe nje kwanza.

Mnajua niliomba ruhusa mgodini nije kuposa. Rebeka nilimwona mara moja tu, Kahama, kwenye mkutano wa kanisa. Mjomba ndiye aliyenipelekea maneno kwao. Baba yake, Mwalimu Zakayo, ndiye anayefundisha dini hapa kijijini, akajibu: "Habari za ng'ombe baadaye. Kwanza nimwone mwenyewe. Nataka mkwe mwenye upendo usiojitafutia faida."

Nikajikuna kichwa. (Nyie mnanijua. Sabuni yangu naifunga kwenye sanduku.) Lakini nikasema moyoni, upendo hauwezi kuwa mgumu kuliko kusukuma gari la mawe. Nitapenda siku moja tu, nikishapewa binti nitapumzika.

Mjomba naye alikuwa ameniwekea masharti. "Masanja, mama mkwe hachezewi. Usimtazame usoni. Usimguse hata nguo. Ukimwona njiani, ingia porini mpaka apite." Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi nimezaliwa Usukumani, mambo hayo nayajua tangu sijaota meno. Kumbe kujua mwiko ni kitu kimoja, na kumjua mkwe mwenyewe ni kingine!

Asubuhi lori likanishusha kabla ya mto. Kiangazi mto huu ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Leo maji yalikuwa ya kiunoni, mekundu, yana kelele. Dereva akagoma kuingia, nikashika njia kwa miguu. Nikampita mzee mmoja anahangaika kumwinua ng'ombe wake aliyenasa matopeni. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikaendelea. (Hapakuwa na mtu wa kuniona.)

Nikafika ukingoni. Ng'ambo nikaona watu wamevaa nguo za Jumapili. Mjomba yupo. Kando yake mzee mrefu mwenye koti jeusi, Biblia kwapani. Si mwingine, ni Mwalimu Zakayo! Wametoka kunipokea! Hapo hapo upendo ukanipanda kichwani. Nikaanza kuangaza huku na huku nitafute mtu wa kumpenda.

Nikamwona mama mmoja amekaa juu ya jiwe, ana kuku kwenye tenga, anasubiri maji yapungue.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu."

"Panda mgongoni nikuvushe."

"Yaya, hapana! Mimi mzito, mwanangu, na wewe umevaa vizuri."

"Mama, nguo ni nini mbele ya upendo?" (Hii niliisema kwa sauti, ifike ng'ambo.)

Akacheka, akapanda. Mzigo wangu na lile tenga nikavibeba kichwani, mkono mmoja juu, mwingine nimemshika yeye. Nikaingia majini kwa madaha, kifua mbele, wasije wakasema hawakuona vizuri.

"Ubarikiwe," akaniambia sikioni. "Leo tuna mgeni. Nilikwenda kumtafutia kuku."

"Mgeni wenu ana bahati sana, mama."

"Na wewe unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Zakayo. Naposa binti yake."

Nikahisi yule mama amekauka mgongoni.

"Nishushe," akasema.

"Bado, mama, hapa kuna kina."

"Nishushe hapa hapa!"

"Usiogope, mama! Mwenye upendo hachoki!"

Akanipiga ngumi ya bega. Akavuta kanga yake akajifunika uso, na upande mmoja wa kanga ukanifunika na mimi. Nikawa natembea kwa kupapasa. Kwenye upenyo mdogo nikamwona mjomba anarukaruka, anapunga mikono yote miwili. Nikajua ananishangilia. Nikaongeza mwendo!

Tulipokaribia, maji yakawa ya magotini, sauti ya mjomba ikanifikia.

"Masanja! Huyo ni mkweo!"

Mayu wane, mama yangu! Mikono yangu iliachia yenyewe. Tenga huko, mzigo huko, mama wa watu majini, chubwi! Kuku akatoka mbio kuelekea porini, wala hakugeuka nyuma.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Maji yalikuwa machache, lakini mkondo ulikuwa na nguvu, na mama anajaribu kuinuka anaanguka. Mimi je? Nimempa mgongo. Nimefumba macho. Nimesimama wima kwa adabu! Mkwe anakunywa maji, mimi mkwilima wake natunza heshima!

"Usimguse!" mjomba akapiga kelele.

"Mwokoe!" Mwalimu Zakayo akapiga kelele zaidi, naye anakuja anateleza kwenye tope na koti lake.

Nikaamua kutii wote wawili. Nikaanza kurudi kinyumenyume, macho nimefumba, mkono nyuma, napapasa. Nikashika gogo. Nikashika jani. Watu ukingoni walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Mara nikasikia mtu ananidaka shingoni, anapanda mgongoni mwenyewe, anakohoa.

"Twende," mama akasema. "Mwiko umeshalowa, na mimi nimeshalowa."

Nikamfikisha kwa mumewe. Tukaongozana mpaka nyumbani.

Huko nikaketishwa sebuleni na shuka hili. Mama yuko jikoni, nyuma ya ukuta, tusionane. Rebeka nilimsikia anacheka huko huko, nikatamani lori lingekuwa lingali linanisubiri. Mwalimu Zakayo akavuta kiti akaketi mbele yangu. Nikajua binti nimeshamkosa.

"Ungejua ni mkweo, ungembeba?"

"Hapana, baba."

"Na kama sisi tusingekuwa tumesimama pale tunakutazama?"

Jamani! Kuna maswali ya kumuuliza mgeni na kuna maswali ya kumuua. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa na tope. Nikataka kudanganya, lakini nimechoka, nimelowa, na Biblia iko mezani.

"Hapana, baba. Nisingembeba."

Mjomba akashika kichwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta:

"Baba Rebeka, mpe binti. Kujionyesha tutamtoa, lakini walau amekiri mwenyewe. Ila kwanza kesho alfajiri ninarudi ng'ambo kutafuta kuku mwingine, mto haujapungua. Aje anibebe. Aende, na anirudishe. Na ninyi wote mlale ndani, asiwepo hata mmoja wa kumtazama. Na maisha yake yote asimsimulie mtu jambo hilo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mjomba akaitikia mara mbili.

Basi wenzangu, ndiyo maana nimewahi kuwaandikia leo. Wema wa kesho ni mkubwa kuliko wa leo, na hamtausikia kamwe.