Viti Vitano vya Jukwaani

Wizara ya Michezo ya Kukaa ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Mashindano Makuu ya Dunia ya mchezo wa Vunja Ngome, yaliyofanyika katika ukumbi wetu mkuu, yamekwisha kwa mafanikio yasiyo na mfano, na kwamba maneno yote yanayozagaa mitaani kuhusu Mheshimiwa Waziri na kiti ni uzushi mtupu, isipokuwa yale yaliyo kweli. Nimeagizwa niyatenganishe. Mimi ni Kaimu Mkurugenzi wa Itifaki. Nimekaimu muda mrefu kiasi kwamba wanangu, wakiulizwa shuleni kazi ya baba, hujibu "kaimu", na hakuna mwalimu aliyewahi kuwasahihisha.

Kwa wasioujua, Vunja Ngome ni mchezo wa kompyuta. Watu watano wanashambulia ngome wakiwa na bomu, watano wengine wanailinda, wote wana bunduki, na vita vyote hivyo vinapiganwa kwenye skrini huku wenyewe wamekaa. Ndiyo maana uko chini yetu. Michezo ya kukimbia ina wizara yake, na hatusalimiani.

Timu yetu ya taifa ina vijana watano. Nahodha wao ni binti wa dada yangu, ambaye wenzake wanamwita Sindano kwa sababu akilenga hakosi. Dada yangu alilia sana siku mtoto alipomaliza shule akatangaza kwamba kazi yake itakuwa kukaa mbele ya skrini. Nilimtuliza. Nilimwambia hata mimi nafanya hivyo hivyo, na watu wananiamkia.

Wizara iliiandaa timu kwa kina. Haikufaa vijana wa serikali wasikike wakipigiana kelele za kuua na kulipua, kwa hiyo kamati ikaelekeza kwamba bomu liitwe mradi, adui aitwe mdau, na anayepigwa risasi asemwe kuwa amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Siku moja nilipita mlangoni mwa chumba cha mazoezi nikamsikia Sindano akiwaambia wenzake, kwa adabu kabisa, kwamba wadau wawili wamejificha nyuma ya ukuta, wastaafishwe haraka ili mradi upite. Nilisimama pale nikaona kweli nchi inakwenda.

Kisha likaja suala la beji. Beji ya bluu ilikuwa ya wageni waalikwa, nayo ilimruhusu mtu kuingia ukumbini. Beji nyekundu ilikuwa ya wachezaji, nayo ilimruhusu kuingia ukumbini na pia kwenye chumba cha chakula cha wachezaji, ambako nyama na soda havikuwa na mwisho. Wizara ikawasajili watumishi wake wote waandamizi kuwa wachezaji wa akiba, kuanzia Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Wapo watakaouita huo ulafi. Sisi tuliuita ushirikishwaji.

Sasa, mashindano haya hayana mchezo. Anayeshinda ngome mbili kati ya tatu anasonga mbele, anayeshindwa anakwenda kwao. Na Mheshimiwa alikuwa ameshaelekeza kwamba timu ikitolewa siku ya kwanza itavunjwa, na kompyuta zake zirudishwe maofisini, ambako zilikuwa zinahitajika sana kwa ajili ya karata. Sindano alilijua hilo. Wiki nzima hakula vizuri, na dada yangu alinipigia simu kunilaumu mimi.

Siku ya ufunguzi nilifika mapema kukagua jukwaa. Nilikuta meza mbili ndefu, na nyuma ya kila meza viti vitano. Jamani, viti! Ngozi nyeusi, mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu, mahali pa kuegemeza mikono, mto wa shingo, magurudumu, na mpini wa kupandishia na kushushia. Nyuma yake palikuwa na viti vya plastiki. Mimi sikuzaliwa jana, kiti cha mkubwa nakijua nikikiona. Nikapanga kadi za majina: Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu, Mhasibu Mkuu, na kiti cha tano nikakikalia mwenyewe, maana kiti kitupu karibu na Waziri huvuta watu wenye shida. Vijana niliwapa vile vya plastiki.

Sindano alinivuta mkono wa koti akaniambia vile viti ni vyao. Nilimwambia mwanangu, vuta subira, cheo hakipatikani kwa siku moja. Alitaka kuendelea lakini Mheshimiwa alikuwa anaingia, na watu wote tulikuwa tunapiga makofi. Mheshimiwa akakaa. Akazunguka mara moja, akapenda, akazunguka tena. Mbele yake palikuwa na kibodi na skrini, ambavyo nilimweleza kuwa ni mapambo ya jukwaa. Hapo kipyenga kikalia.

Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwembamba asiye na papara, akaja na kifaa chake akakagua beji zetu. Zote zilikuwa nyekundu na zote zilikuwa halali. Akatueleza kwamba kwa mujibu wa kanuni, aliyesajiliwa na akakutwa kitini kipyenga kinapolia ndiye anayecheza. Akatupongeza kwa umri wetu, akaondoka.

Tukacheza. Serikali haikimbii jukumu. Mheshimiwa aliongoza kwa kuukabili ukuta, na alitembea kuelekea ukuta huo kwa msimamo usioyumba. Naibu Waziri alimfuata nyuma, kama kawaida yake. Katibu Mkuu alibaki pale tulipoanzia akisubiri maelekezo. Mradi ulimwangukia Mhasibu Mkuu, naye akakataa kuutoa bila saini. Mimi niligundua kitufe cha kuinama, na tangu hapo kila Mheshimiwa alipopita niliinama. Wapinzani wetu, vijana wa watu wenye heshima zao, walidhani ni mbinu mpya. Walijificha muda mrefu wakitusubiri.

Kisha Mheshimiwa akagundua kitufe cha kufyatulia. Alimstaafisha Naibu wake, akamstaafisha Katibu Mkuu palepale alipokuwa anasubiri maelekezo, akanistaafisha na mimi nikiwa nimeinama. Ikawa hivyo raundi baada ya raundi. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka hadi watu wanashikana mabega. Mheshimiwa aliniegemea akanong'ona kwamba tangu kampeni hajawahi kupendwa namna hii. Matokeo ya ngome ya kwanza siyatangazi kwa sababu za kiusalama.

Wakati wa mapumziko mwamuzi alirudi. Alisema wachezaji wanaweza kubadilishwa kabla ya kipyenga cha pili, ila kwa sharti moja: aliyekaa ainuke mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kumwinua. Nililifikisha hilo kwa Mheshimiwa kwa lugha laini. Alinijibu kwamba kiti hakukiokota, na watu waliowahi kumwambia ainuke leo hawana viti. Naibu Waziri akasema kama Waziri hainuki, yeye ni nani. Katibu Mkuu alikuwa bado anasubiri maelekezo.

Sindano akaja akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Mjomba, inuka wewe kwanza. Labda watakufuata."

Nilimweleza taratibu kwamba Mheshimiwa ameahidi kunithibitisha cheo mwezi huu, na mtu anayesubiri kuthibitishwa hamwachi mkubwa wake kitini.

"Basi tumekwisha," akasema.

Hakulia. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelia. Mtoto yule tangu amalize shule hana kingine. Ameamka na mchezo huu, amelala nao, amesemwa na majirani, amesemwa na mama yake, na sasa yote aliyosemwa yalikuwa yanaelekea kuwa kweli kwa sababu mjomba wake alipanga kadi za majina. Roho iliniuma. Nilijisikia mjinga, jambo ambalo kwa ngazi yangu ya mshahara si la kawaida.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, wewe ndiye bwana itifaki. Waziri huinuliwa kitini na nini?"

Hilo lilikuwa swali la kitaalamu, nami swali la kitaalamu siliachi lipite bila jibu. Nikamwambia Waziri huinuliwa na vitu vitatu tu: moto, mkubwa wake, na wimbo wa taifa.

"Moto sina," akasema. "Mkubwa wake simjui." Akainuka akaenda zake.

Nilimwona akikatiza kuelekea kwa fundi mitambo, mbele kabisa ya ukumbi. Nilidhani anakwenda kuomba maji.

Wimbo wa taifa ukalia.

Mheshimiwa aliruka kutoka kitini kabla hata hajajua ameruka. Mikono ubavuni, kidevu juu, macho mbele. Naibu akaruka. Mhasibu Mkuu akaruka. Katibu Mkuu, aliyekuwa amepata maelekezo hatimaye, aliruka kuliko wote. Nami nikasimama, maana ndiyo kazi yangu. Ukumbi mzima ukasimama. Na katika heshima ile kuu, vijana watano walipita nyuma yetu kimyakimya, wakakaa kwenye viti vyetu na kuvaa hedifoni zao.

Hapa naomba umma uelewe jambo moja la kiufundi. Hedifoni za mashindano zimetengenezwa ili mchezaji asisikie chochote cha nje, wala kelele za mashabiki, wala watangazaji. Na kanuni inakataza kuzivua mchezo ukiendelea. Kwa hiyo vijana wale hawakuudharau wimbo wa taifa, kama wasemavyo wachochezi. Hawakuusikia. Mwamuzi akatazama viti, akatazama beji, akatutazama sisi tuliosimama bila kulazimishwa na mtu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapuliza kipyenga.

Wimbo ulipofika mwisho Mheshimiwa alianza kulegeza goti. Ukaanza tena.

Ulipoanza mara ya tatu, watazamaji wakawa wameelewa. Waliimba. Sijawahi kusikia watu wakiimba wimbo ule namna hiyo, na nimeusimamia maisha yangu yote ya kazi. Kila Sindano alipomstaafisha mdau, ubeti ulipanda hadi paa likatetemeka. Mradi ukapelekwa kwa walengwa, ukalipuka kwa wakati, jambo ambalo Wizara haijazoea. Ngome ya pili ikawa yetu. Hawakuinuka hata kunywa maji. Wakaingia ya tatu moja kwa moja, na wimbo nao ukaingia pamoja nao.

Jasho lilikuwa linamtiririka Mheshimiwa hadi kwenye kola. Kamera zote zilikuwa usoni kwake, maana dunia ilikuwa haijawahi kuona uzalendo wa namna ile. Akanong'ona kwa pembe ya mdomo, bila kusogeza kidevu.

"Kaimu. Mwambie azime."

Fundi mitambo alikuwa ananitazama. Mamlaka ya kuukatisha wimbo wa taifa hadharani yapo kwa mtu mmoja tu, naye ni Mkurugenzi wa Itifaki, au anayekaimu. Nilimtazama Mheshimiwa, nikauona uthibitisho wangu umening'inia pale puani pake pamoja na jasho. Kisha nikamtazama binti wa dada yangu. Mgongo wake ulikuwa umepotea kabisa katika kile kiti kikubwa. Vilivyoonekana ni viwiko tu na vidole vinavyokimbia. Alikuwa na furaha. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mtu yeyote ana furaha akiwa kazini.

"Mheshimiwa," nikanong'ona, "itifaki hairuhusu kuzungumza wimbo wa taifa ukiendelea."

Akarudisha macho mbele.

Tulishinda. Ukumbi ulipasuka kwa shangwe, wimbo ukakatika wenyewe, na Mheshimiwa akashuka polepole hadi sakafuni, kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu. Fundi mitambo aliripoti kwamba kitufe kilinasa. Sindano, nilipomuuliza baadaye kama anajua lolote kuhusu jambo hili, alinitazama kwa macho makavu kabisa.

"Wimbo gani, mjomba?"

Timu ilifika nusu fainali, ikafungwa na vijana wa nchi isiyo na wizara ya michezo ya kukaa. Kompyuta zimebaki kwao, na dada yangu siku hizi anawaambia majirani kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Mheshimiwa aliamuru iundwe tume ya kuchunguza urefu wa wimbo wa taifa. Tume iliita mashahidi wengi, lakini hakupatikana hata mmoja aliyekuwa tayari kusema, mbele ya karani anayeandika, kwamba wimbo ulikuwa mrefu mno. Mheshimiwa mwenyewe alipoitwa, aliapa kwamba ulikuwa mfupi. Kunifukuza mimi pia kulishindikana, kwa sababu kosa lingebidi liandikwe, na kosa lenyewe lilikuwa kusimama wima. Kwa hiyo nimeachwa niendelee kukaimu.

Lakini aliye juu mngoje chini. Picha za Mheshimiwa akiwa amesimama zilizunguka dunia nzima, zikamfikia na mkubwa wake, ambaye alizitazama mara mbili. Asubuhi moja ikatoka taarifa. Ilisema kwamba serikali imebaini kuwa Mheshimiwa amejaliwa kipaji adimu cha kusimama, na kwamba kuanzia siku hiyo atasimama kwenye sherehe zote za kitaifa, jua na mvua, bila malipo. Ikaendelea kwamba mtu anayesimama vizuri kiasi hicho si haki kumsumbua tena na kiti.

Taarifa hiyo iliandikwa na ofisi yangu, kwa maelekezo kutoka juu. Neno "kumsumbua" nililiongeza mwenyewe.