Kadi Shingoni, Njia Kichwani

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na tatu. Nimeishi kupita wakandarasi sita, punda wanne wa kubebea mchanga, meno yangu karibu yote, na nyumba tatu nilizojenga kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba zile hazikuwa na kosa. Ardhi ndiyo iliyohama.

Naandika kwa sababu Mwalimu ameagiza kila mwanafunzi awe na daftari la mambo ya kila siku. Tuandike kwa lugha ya hapa, alisema. Nimemwandikia sentensi moja: "Leo ni Jumatatu." Yaliyobaki naandika kwa lugha yangu, maana mambo yangu ni makubwa na lugha yao bado changa kichwani mwangu. Herufi zangu zimelala kidogo. Zinasomeka.

Ndiyo, mimi mwanafunzi! Tena ughaibuni! Kwetu niliishia darasa la tatu. Huku darasa langu liko ghorofa ya pili, dirisha linatazama barabara. Binti yangu, muuguzi, ndiye aliyenileta niishi kwake, na ndiye aliyeniandikisha. Wiki mbili zilizopita nilitoka darasani nikaenda kuukagua mji. Nikaukagua saa nne nzima. Nikarudishwa na gari la polisi. Gari zuri, viti safi. Binti yangu akalia, akapangusa macho, kisha akatengeneza kadi: jina, mtaa, namba ya simu, na kamba ya kuvaa shingoni. Ananisemesha kama mgonjwa wake. Baba, tumevaa kadi yetu? Yetu na nani? Mbuzi wa mnadani ndio wanaofungwa hivyo.

Leo mlango umefunguka. Mwalimu ametangaza mtihani wa Ijumaa. Kila mtu peke yake, kwa miguu, kutoka darasani hadi posta kuu. Agongewe muhuri kwenye karatasi, arudi kabla ya saa sita mchana. Binti yangu ameahidi: nikirudi na muhuri, kadi inavuliwa, natembea mji huu nitakavyo. Nikipotea, sitoki tena ila nikiandamana na Dereva.

Heri nife ndani.

Jumanne, 5 Machi

Huyo Dereva nimweleze. Ni mzee, mwanafunzi mwenzangu, katoka nchi jirani na kwetu, anakaa na mwanawe jengo la pili kutoka letu. Aliendesha lori miaka thelathini. Kila analosema lina gia na breki. Anadai yeye hajawahi kupotea, barabara ndizo zilizokuwa zikimpotea yeye. Debe tupu.

Mwalimu ametugawia ramani. Nimeigeuza juu, nimeigeuza chini. Mistari kama uzi uliochezewa na paka. Dereva aliitazama yake, akatikisa kichwa kama daktari, akasema hii njia anaijua. Mchoro wa posta ulikuwa umesimama kwa paa. Sikumwambia.

Kisha Mwalimu akatupeleka sote mara moja tuione njia. Wenzangu walikodolea macho majina ya mitaa. Mimi ni mwashi, miaka arobaini na tano nasoma kuta. Nikatazama kazi. Kwanza, ukuta wa matofali mekundu uliojengwa na mtu wa shoto. Hapo unapita. Halafu jengo la ghorofa nne lililozungushiwa jukwaa la vyuma na nyavu za buluu, mafundi wako juu wanapiga plasta. Hapo kulia. Halafu lundo la mchanga, mchanga wa mto, safi. Hapo kushoto. Mbele yako ni posta, ina ufa juu ya mlango.

Nyavu zile zinaonekana toka mbali kama bendera. Wao na ramani zao! Ng'ombe hazeeki maini.

Jumatano, 6 Machi

Nimegombana na Dereva wakati wa chai. Kisa ni cha tangu siku ya kwanza: kila mmoja anamngoja mwenziwe amwamkie. Yeye anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Nikamwambia hao nzige wake niliwafukuza mwenyewe kwa fimbo. Akasema kama ni hivyo mbona mvi zimenikataa, nimebaki na upara tu? Nikamjibu kwamba mvi hazimei penye akili nyingi. Darasa halikuelewa neno hata moja. Lilicheka vilevile.

Tumewekeana sharti. Atakayerudi na muhuri Ijumaa ndiye mkubwa. Mwenziwe atamwamkia shikamoo kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya watu, mpaka masomo yaishe.

Jioni binti yangu kaniomba twende pamoja njia ya posta, mara moja tu, kwa mazoezi. Nimekataa. Akasema basi nikikwama niulize watu, kuuliza si ujinga. Waliotunga maneno hayo walikuwa wamekwisha kupotea. Akasema akiwa wodini kila simu inapolia moyo unamruka, anadhani ni habari zangu. Nikamshauri aizime. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku tamu kuliko zote tangu nije!

Nimekwenda peke yangu hadi kwenye nyavu za buluu, kuikagua alama yangu. Kwetu siwezi kupita mtaa mzima bila kuitwa. Fundi! Fundi, karibu! Fundi, banda langu linavuja! Huku hakuna anayejua mkono huu umefanya nini. Basi nikasimama nikawatazama mafundi saa nzima, nikapumua vumbi la saruji. Dawa.

Msimamizi wao, mtu wa tumbo na kofia ngumu ya manjano, akaja kunifukuza. Sikwenda. Nikaipiga plasta kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Imekauka. Nikamwonyesha kwa mikono: hii imekauka, kazi imekwisha, vyuma vinangoja nini? Shusha! Akanikazia macho. Akagonga na yeye. Akatega sikio na yeye. Kisha akacheka, akanivika kofia yake, akaninyooshea kidole gumba. Akawaita mafundi wake wote waje kumwona mtu.

Nimerudi nikipiga mluzi. Mwalimu wao anafundisha kwa kitabu. Mimi nimefundisha kwa kidole kimoja.

Kadi nimeitia kwenye kopo la sukari. Kesho sitaki uzito shingoni.

Ijumaa, 8 Machi

Uchawi!

Nimetoka darasani saa nne kamili, kifua mbele. Ukuta wa mtu wa shoto, upo. Nikaenda. Nikaenda tena. Buluu hakuna! Majengo meupe, mapya, yanafanana kama mayai ya trei moja. Nikarudi hadi kwa mtu wa shoto, nikaanza upya. Hakuna! Jengo zima la ghorofa nne na nyavu zake limeniona nikija likajificha. Kuuliza nisingeweza. Ningeuliza nini? Nani kaiba buluu?

Ndipo mbali, ng'ambo ya daraja, nikaona buluu. Nikakimbia kwa heshima. Hapo nikapinda kulia. Mchanga haukuwepo, lakini palikuwa na lundo la magunia, nikajua mchanga umetiwa humo. Nikapinda kushoto. Posta haikuwepo. Palikuwa na duka la mikate, na baada ya mikate mji uliishia hapo, mbele majani matupu.

Nikaketi kwenye benchi la nje. Saa ya dukani ilionyesha saa tano na nusu. Nikapeleka mkono shingoni. Nikakumbuka sukari. Nikamfikiria binti yangu wodini na simu yake. Siku ile ya polisi sikumfikiria, nilikuwa natazama viti.

Nikageuka. Nyuma ya kibanda cha basi, kofia ya Dereva!

Alikuwa amenifuata toka darasani, hatua hamsini nyuma. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ananilinda. Nikasema vizuri, basi tangulia, wewe si ndiye unayejua njia? Akasema gari la nyuma halimpangii la mbele pa kupita. Nikamwambia amejiita mwenyewe tela. Tukanuniana benchi moja mpaka saa sita ikapita. Mtihani ukafa kifo chake.

Mwenye duka, mama mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, akatoka akatuuliza maneno mengi. Tukamjibu kwa pamoja sentensi tunayoijua: "Leo ni Ijumaa." Akakubali kwamba ni Ijumaa.

Ndipo Dereva akainama. Akavua kiatu. Akavua soksi. Akatoa kadi! Jina, mtaa, namba ya simu, na kamba yake! Mwanawe naye! Siku zote hizo, gia na breki, kumbe mbuzi mwenzangu! Nilitaka kucheka hadi nianguke, ila nikaona ameishusha kofia yake hadi puani. Basi nikakohoa. Kikohozi changu kilitoka kama shikamoo. Ni ule unga. Naye akaitikia marahaba papo hapo, mwizi wa heshima yule!

Mama wa mikate akapiga simu. Mwana wa Dereva akamwita binti yangu, wakaja wote wawili, binti yangu na sare yake ya kazi. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, kisha akanigombeza mpaka masikio yakalia. Nikamweleza ukweli: nilimwona Dereva anapotea, nikamfuata nimwokoe. Kando yangu Dereva alikuwa anamweleza mwanawe kwamba aliniona mimi napotea.

Tukirudi tulipita jengo jeupe, uchi, halina chuma hata kimoja. Mlangoni yule msimamizi wa kofia ya manjano akaninyooshea kidole gumba. Jukwaa wamelishusha jana ileile, kwa ushauri wangu. Plasta imetulia kama maziwa. Kazi safi! Binti yangu akaniuliza yule mtu ananifahamia wapi. Nikamwambia huyo ni mwanafunzi wangu.

Jumapili, 10 Machi

Hukumu imetoka. Mwalimu ameturuhusu turudie mtihani kesho, mimi na Dereva pamoja, na kila tutokapo iwe hivyo. Nilikuwa najiandaa kugoma. Lakini binti yangu amenivuta pembeni akaninong'oneza: Baba, yule mzee hajiwezi, anahitaji mtu mwenye macho wa kumwangalia. Hapo nimekubali. Nimemwona mwana wa Dereva naye akimnong'oneza babake, na Dereva akinitazama kwa huruma. Bila shaka ameambiwa anitii.

Suala la shikamoo bado. Hakuna kati yetu mwenye muhuri. Leo tulipokutana mlangoni tulikohoa wote wawili.

Mchana tumekwenda kuikagua njia upya. Safari hii hakuna mchezo, tumechagua alama za kudumu. Mimi nimechagua winchi ya manjano ya kunyanyulia vyuma, ndefu kuliko majengo yote. Kitu kikubwa vile kitakwenda wapi? Dereva amechagua lori jekundu lililoegeshwa kwenye kona ya kupinda kushoto. Amelizunguka, amepiga tairi teke, akasema lori zito namna hii halina haraka. Kwa hilo nampa heko, mambo ya malori anayajua.

Kadi nimeitoa kwenye sukari, nitaivaa ndani ya koti. Si kwa ajili yangu. Dereva akipotea, wapate pa kumrudisha.

Niliyoandika ndiyo yaliyokuwa. Anayebisha amuulize msimamizi wa kofia ya manjano. Amuulize mama wa mikate, atamwambia hata siku ilikuwa gani. Awaulize polisi wa gari lenye viti safi. Dereva naye aulizwe, lakini mimi niwepo.