Malkia wa Mfuko wa Ugoro

Jumatatu, 7 Juni 1937. Iyula.
Nimesikia jambo! Nilikuwa napalilia kahawa chini ya dirisha la Bwana. Sikuchungulia. Masikio tu ndiyo yaliyoingia ndani. Bwana anakusanya nishani za kumbukumbu za zamani, zimelala sandukuni, kila moja na kishimo chake. Kishimo kimoja kitupu. Anataka ya yule Malkia wa zamani, ya mwaka 1887, alipotimiza miaka hamsini ya kutawala. Kamwambia mpishi wake, Kefa, kwamba atakayeileta atapewa ile baiskeli iliyoko stoo.

Baiskeli! Juzi kisimani Elina kawaambia wenzake hatoki na mwanamume wa miguu. Kisha kanitazama. Au katazama mgomba nyuma yangu.

Jumanne, 8 Juni.
Mfuko wa ugoro wa bibi Ferista unafungwa kwa kipande cha fedha chenye mama mnene. Babu alipewa na mzungu mmoja, zamani za kubeba mizigo. Miaka yote naona ugoro, simwoni Malkia! Bibi kasema chukua huyo mke mwenzangu, ila unishonee kifungo, na huyo mke unayemtafuta kwenye ugoro asije akapiga chafya.

Kajuaje?

Jumatano, 9 Juni.
Malkia mweusi kama chungu. Kwa Bwana hupeleki kitu kichafu, hata mimi nimeoga. Nimesugua kwa majivu, ndimu, mchanga na gunzi. Kefa kapita, kasema kaka, pua bado ina taka. Nikasugua pua. Kasema na hapo kwenye mwaka. Nikasugua mwaka. Kumbe ana roho nzuri! Nilimdhania vibaya kwa sababu naye anamtaka Elina.

Alhamisi, 10 Juni.
Bwana kavaa miwani. Kavua. Kaketi. Kauliza Malkia yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole mahali alipokuwa. Kasema ule weusi ndio umri wake, nishani haisuguliwi, hata Kefa anajua, kwani Bwana alishamkataza. Kefa alikuwa nyuma na sinia. Hakucheka. Vikombe ndivyo vilivyocheka.

Ijumaa, 11 Juni.
Bibi kasema nimemnyoa mke mwenzake. Elina kaja kuazima chumvi, kaishika nishani, kajitazama, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema hajapata kuona kioo kizuri hivi, nimpe. Nikaangalia miguu yake inayongoja baiskeli, nikasema si ya kuchezea.

Jumapili, 13 Juni.
Kumbe Bwana anapenda uchafu! Si angesema mapema! Nimempa jirani Yonathani jogoo, kanipa nishani mpya ya Mfalme, zile za sherehe ya kutawazwa kwake mwezi uliopita. Nimechora 1887 kwa msumari. Nimeifukia kwenye mavi ya ng'ombe. Mfalme ana masharubu? Hana. Basi atafaa.

Kefa kaja, kanisifu, kaniongezea mavi.

Elina kapita na Biblia yake. Kauliza kama tutaenda pamoja kanisani, kwa miguu tu, yeye hana haraka. Nikamwambia leo siwezi, nasubiri mavi yaive.

Kaondoka na Kefa. Kwa miguu, wote wawili! Maskini, hawajui kama baiskeli inakuja.